Namba Haivuki Mto

Hotuba ya mwalimu wa hisabati kwa wazazi na wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, siku ya wazazi

Ndugu mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, wanangu wanafunzi: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimepewa dakika ishirini nizungumzie kazi za nyumbani za hisabati. Nilipomuuliza mkuu kwa nini mimi, akasema wazazi wengi wanaokuja ofisini kulalamika huwa wananitaja mimi. Basi leo nimewafuata mwenyewe, tumalizane.

Nimekuja na daftari moja. Jina la mwenyewe nimelibandikia karatasi, na ruhusa nimemwomba. Swali lilikuwa 3x = 12. Chini yake ameandika x = 12 − 3, kisha x = 9. Halafu hiyo tisa ameipigia mistari miwili kwa rula, safi kabisa, kama ninavyowafundisha kupigia jawabu mstari.

Nikamwita, nikamuuliza, "Mwanangu, hapa umefanyaje?" Akanijibu bila wasiwasi wowote: "Madam, tatu imevuka, ikabadilika alama."

Nikakosa la kusema, maana maneno yale ni yangu. Ni mimi niliyesimama ubaoni nikawaambia kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa inabadilika. Nimeyasema hivyo mwaka wa kumi na tisa huu. Niliyapokea kwa mwalimu wangu, na yeye bila shaka aliyapokea kwa wake. Ni maneno matamu: yanakaa kichwani, yanamaliza kipindi mapema, na kwenye x + 3 = 12 yanaleta jawabu. Madawati mawili nyuma ya huyo kulikuwa na mwingine, swali lile lile, ameandika x = 12 ÷ (−3), jawabu hasi 4. Nilipomuuliza, naye akanijibu vilevile: imevuka, imebadilika. Hawa wawili si watoro wala si wavivu. Wamenisikiliza vizuri mno, na hapo ndipo paliponiuma.

Kwa hiyo nianze kwa kufuta kauli yangu mbele yenu. Namba haivuki mto. Hakuna mto pale katikati. Kuna mizani.

Wazazi wa umri wangu mnaikumbuka mizani ya dukani, ile ya sahani mbili. Jiwe la kilo huku, sukari kule, muuza duka anamimina kwa kikombe mpaka mkono usimame sawa. Sasa ukitoa kitu sahani ya kushoto bila kugusa ya kulia, mizani inalala. Ukitaka isilale, unachofanya huku ukifanye na kule. Sheria yote ya milinganyo ni hiyo. Katika 3x = 12, sahani ya kushoto ina mifuko mitatu iliyolingana, ya kulia ina mawe 12. Unataka kujua mfuko mmoja una uzito gani. Utaondoa mawe matatu? Yaondolewe ya nini? Unaigawa kila sahani mafungu matatu, unabaki na fungu moja huku na fungu moja kule. x = 4. Mtoto akiona mifuko hatoi 3, hata umlazimishe.

Tuchukue lenye mifupa zaidi. Hili niliwapa Kidato cha Kwanza wiki iliyopita:

5x − 7 = 2x + 8

Upande wa kushoto kuna upungufu: mifuko mitano, lakini imepunguzwa 7. Kazi ya kwanza ni kuurudisha uzima wake. Tunaongeza 7 kushoto, na kwa haki ya mizani tunaongeza 7 kulia:

5x = 2x + 15

Sasa kuna mifuko pande zote mbili. Miwili ya huku inatazamana na miwili ya kule, tunaiondoa pamoja:

3x = 15

Tunagawanya kwa tatu pande zote: x = 5. Bado hatujamaliza. Tunarudi juu kabisa, kwenye swali lenyewe, tunaiweka 5 mahali pa x. Kushoto: 25 kutoa 7, ni 18. Kulia: 10 kujumlisha 8, ni 18. Sasa funga daftari ukalale.

Hizo hatua mbili za mwanzo, kuunga na kutazamanisha, sikuzibuni mimi. Mnamo mwaka 820 hivi, Baghdad, zama za khalifa al-Ma'mun, alikuwepo mwanachuoni aliyeitwa al-Khwarizmi. Aliandika kitabu cha namna hii ya hesabu, na hizo hatua akaziita al-jabr na al-muqabala. Al-jabr ni kuunga, neno ambalo Waarabu walilitumia hata kwa mfupa uliovunjika. Kutoka hapo dunia nzima ikapata neno aljebra. Na al-muqabala? Sisi Waswahili tunalo nduguye kila siku mdomoni: duka lipo mkabala na msikiti. Vitu viwili vinatazamana. Nikiwaambia wanafunzi wangu hivyo huwa wanacheka, kwa sababu walidhani x imeletwa na Wazungu ili kuwatesa.

Tena yeye hakuwa na x. Kitabu chake chote kimeandikwa kwa maneno, hata namba zenyewe. Kisichojulikana alikiita "kitu", na sehemu kubwa ya kitabu ni maswali ya wasia na mirathi: mtu kafa, kaacha kadhaa, nani apate ngapi. Hiyo ni mojawapo ya kazi alizoitumia aljebra, kugawana bila kudhulumiana. Na jina lake mwenyewe, Walatini walipolitamka kwa ulimi wao, ndilo lililogeuka kuwa lile neno "algorithm", ambalo watu wa kompyuta wanalitumia leo kwa maana ya hatua zinazofuatana kwa mpangilio.

Nimeitaja kompyuta, basi tuseme na la simu, najua mnalisubiri.

Mtoto anapiga picha swali, programu inamletea jawabu pamoja na hatua zote, zimepangwa vizuri kuliko ninavyopanga mimi. Anakopi. Asubuhi ninapata madaftari arobaini yenye mwandiko tofauti na mawazo ya mtu mmoja. Wazazi wengine mmeniomba nipige marufuku simu. Mimi siwezi kupiga marufuku kitu kilichoko sebuleni kwenu. Na kusema kweli, enzi zetu hatukuwa na simu lakini tulikuwa na daftari la yule anayeongoza darasa, likizunguka kabla ya kengele. Tulikopi vilevile, tena mpaka makosa yake.

Ninachoomba ni kidogo kuliko kupiga marufuku. Mzazi anayesema, "Mwalimu, mimi niliishia darasa la saba, tena sasa wanasoma kwa Kiingereza, nitamsaidiaje?", huyo ndiye ninayemtaka hasa. Mtoto wetu mwaka juzi aliita kitu mzingo, leo anaambiwa kina jina jingine asilolijua hata kulitamka. Kuna watoto hapa mnadhani wameshindwa hesabu, kumbe wameshindwa kusoma swali. Kwa hiyo jioni, mama akiwa anachambua mchele, baba akiwa anasubiri taarifa ya habari, mwite mtoto na daftari lake. Usitazame jawabu. Weka kidole kati ya mstari mmoja na unaofuata, umuulize kwa Kiswahili: "Kutoka hapa kuja hapa, umefanya nini?" Akikujibu "nimeongeza 7 huku na huku", hata wewe usipoelewa, yeye kaelewa. Akikujibu "ndivyo inavyokuwa", hajaelewa, hata kama jawabu ni sahihi. Akianza kukuona mshamba, mvumilie. Muulize tena.

Nirudi kwenye maswali. La umri, maana hili limewaangusha wengi mtihani wa katikati ya muhula. Mama ana umri mara tatu ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka 12, atakuwa na umri mara mbili ya mwanawe. Mtoto ana miaka mingapi?

Wengi wanaanza kuandika kabla hawajasoma mpaka mwisho. Mimi nawaambia wapige jedwali dogo: leo, na baada ya miaka 12. Leo mtoto ni x, mama ni 3x. Baadaye mtoto ni x + 12, mama ni 3x + 12. Wote wawili wameongezeka, miaka haimpitii mtu. Na wakati huo mama ni mara mbili ya mtoto:

3x + 12 = 2(x + 12)

Hapo penye mabano ndipo palipo na shimo. Mbili inamzidisha mtoto mzima, miaka yake ya leo pamoja na ile 12. Kwa hiyo kulia ni 2x + 24. Ondoa 2x kila upande: x + 12 = 24. Ondoa 12: x = 12. Mtoto ana 12, mama 36. Baada ya miaka 12 ni 24 na 48. Imekubali.

Kwenye kusahihisha nilikuta madaftari kumi na moja yameandika 2x + 12. Mbili imezidisha x, ikaiacha 12 ndani ya mabano kama haiijui. Basi 3x + 12 = 2x + 12, na jawabu x = 0. Sifuri! Mtoto ana miaka sifuri, mama naye mara tatu ya sifuri. Wamezaliwa siku moja, mama na mwanawe, pengine kitanda kimoja. Na kati ya hao kumi na mmoja hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Wakapiga mistari miwili kwa rula.

Kukosea kuzidisha hakunitishi. Ninachokiogopa ni mtoto kuiona sifuri na kuipita kama hakuona kitu. Mtoto huyo huyo umpe elfu kumi akanunue vitu dukani, arudishiwe chenji pungufu ya mia mbili, atapiga kelele mtaa mzima usikie. Kwa nini akili ile anaiacha dukani?

Nisingizie kidogo shule za msingi, kwa mapenzi. Watoto wote wanafika hapa na MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kitu kizuri, na mimi nililelewa nacho. Lakini kina mtego. Ukimpa 10 − 4 + 3, yule anayeshika herufi bila maana anaona JU imetangulia TO, anajumlisha kwanza 4 na 3 anapata 7, halafu 10 kutoa 7, jawabu 3. Jawabu ni 9. Kujumlisha na kutoa ni watu wa rika moja, unawachukua kama walivyopanga foleni kutoka kushoto. Au kama unataka kutanguliza kujumlisha, jumlisha 10 na 3, kisha utoe 4. Hasi ni ya 4 peke yake, hairithiwi na jirani.

Jiometri sasa. Hapa nitakuwa na ugomvi na wanafunzi, kwa sababu wanaichukia kwa uonevu. Wanasema ina michoro mingi. Mchoro ndio msaada wenyewe! Swali la jiometri lisilochorwa ni kama kuelekezwa nyumba ya mtu kwa simu.

Nimeambiwa kuna mafundi ujenzi hapa. Nyoosheni mikono. Naona wanne, watano. Baba pale nyuma, ukiweka kona ya msingi unahakikishaje kuta zimekaa sawa, zisije zikapinda?

Mmesikia? Kasema anapima 60 upande huu, 80 upande ule, halafu anavuta futi kwa mshazari isome mia. Ikizidi au ikipungua anasogeza kigingi. Asante sana, baba. Wanafunzi, mwalimu wenu wa jiometri huyo. Sentimita 60 mara 60 ni 3,600. Themanini mara themanini ni 6,400. Jumla 10,000, na 10,000 ni mia mara mia. Ndiyo kanuni ya Pythagoras mnayoililia, imelala chini ya nyumba mnazolala. Gawanya zote kwa 20, unapata 3, 4 na 5.

Anachofanya baba pale ni ujanja wa kinyume. Sisi darasani tunaambiwa kona ni pembe mraba, tunatafuta ulalo. Yeye anaulazimisha ulalo uwe mia ili kona iwe pembe mraba. Ukimwelewa fundi umeelewa kanuni mbele na nyuma. Kwa hiyo swali la ngazi ya mita 5 iliyoegemea ukuta, mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani, inafika urefu gani: chora ukuta, chora ardhi, chora ngazi. Ngazi ndiyo upande mrefu, inakaa peke yake. 25 kutoa 9 ni 16, kipeuo chake 4. Anayejumlisha 25 na 9 amepata ukuta mrefu kuliko ngazi inayouegemea, na ngazi imeufikia juu. Mchoro ungemwambia.

Jambo jingine dogo: msipime mchoro wa kitabuni kwa rula. Mchoro ule haukuchorwa kwa skeli. Nimeona mtu amejibu "pembe ni 47" kwa kipimapembe, wakati swali linasema pembe za pembetatu ni x, 2x na 3x. Jumla 6x ni nyuzi 180, x ni 30. Hakuhitaji kifaa chochote.

Kidato cha Pili, mnisikilize hapa, wengine mnaweza kupumzika. Mnaniuliza kila siku aljebra na jiometri zinahusiana nini. Yule yule mzee wa Baghdad alikuwa na swali ambalo sisi tungeliandika hivi:

x² + 10x = 39

Yeye x² aliiita mali, neno letu hili hili, na x, kile "kitu" chake, hapa aliiita mzizi. Mali na mizizi kumi ni 39. Akachora. Mraba wa upande x. Ile 10x akaikata mara mbili, mistatili miwili, kila mmoja urefu x na upana 5. Mmoja akaubandika juu ya mraba, mwingine ubavuni. Jumla ya eneo la vipande hivyo vitatu ni 39. Lakini umbo halijakamilika, kona moja imemeguka kama tofali. Hiyo kona ni 5 kwa 5, eneo 25. Akaijaza. 39 na 25 ni 64. Sasa ni mraba kamili wenye eneo 64, kwa hiyo upande wake ni 8. Na upande huo ni x na 5. Basi x ni 3. Hakiki: 9 na 30, ni 39.

Mkisikia "kukamilisha mraba", ndiyo hiyo kona. Mnaikariri kama "chukua nusu ya kati, ipige mraba, jumlisha pande zote" na hamjui nusu inatoka wapi. Inatoka kwenye mistatili miwili. Kuna na jawabu la pili, hasi 13, ambalo yeye aliliacha kwa kuwa mraba hauwezi kuwa na upande wa hasi. Watungaji mitihani hawana huruma hiyo, wao wanalitaka.

Naona mkuu anatazama saa. Namalizia na kazi ya nyumbani, na leo ni ya wazazi.

Akina mama mliovaa kanga, na wenye kanga nyumbani, hamtahitaji kitabu. Tuseme kanga ina urefu wa sentimita 150 na upana 110. Pindo limezunguka pande zote nne, na upana wake ni sentimita 15 kila mahali. Nataka eneo la mji, yaani sehemu ya katikati, pamoja na jina lililoandikwa ndani yake. Kisha nataka eneo la pindo peke yake. Anayetaka kuandika 150 kutoa 15, aitandaze kanga kitandani kwanza, ahesabu pindo liko pande ngapi.

Fanyeni na watoto wenu, karatasi moja kwa kila nyumba. Jawabu siliulizi, hilo hata simu inalo. Naomba mistari yote, na pembeni ya kila mstari mniandikie kwa Kiswahili mmefanya nini. Karatasi zije Jumatatu, kabla ya kipindi cha kwanza. Na safari hii, mzazi atakayekopi kwa jirani nitamjua.